Kipanga, Pange na Mbung'o

Kamusi ya Johnson ya 1939 yampa kipanga maana ya ndege mwindaji, tena ya nzi aumaye. Pange naye ni nzi aumaye. Msomaji hapewi alama ya kuwatenga hao wawili.

Wataalamu wa wadudu wana mpango ulio wazi. Tabanus, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1758, ni nzi mnene, na mabawa yake kwa kawaida ni maangavu. Chrysops ni mdogo, mwenye mabaka meusi mabawani. Haematopota huyainamisha mabawa yake ya madoadoa mfano wa paa la nyumba. Wote ni wa ukoo wa Tabanidae, na majike tu ndio wanyonyao damu. Mbung'o ni wa ukoo mwingine: hulaza bawa juu ya bawa, na dume na jike wote hunyonya.

Huu si ubishi wa maneno matupu. Mbung'o huvilea vimelea vya nagana mwilini mwake. Nzi wa Tabanidae huvichukua mdomoni tu, toka ng'ombe hata ng'ombe. Mfugaji wa Usangu, Mbeya, au wa kandokando ya Ruaha, Iringa, akikosea jina, bwana mifugo atamwinda nzi asiyehusika.

Wala haifai kufuata Kiingereza na kusema “nzi wa kulungu”. Kulungu wetu si mnyama yule wa Ulaya. Twashauri pange liwe jina la ukoo mzima, na kipanga liwe la Tabanus. Kwa hao wawili waliosalia, yapasa kwanza kuwauliza wafugaji wa Kisangu na Kihehe.