Jicho la Kutazamia Mbio za Chali

Mtu aliyekulia Ndau hahitaji kufundishwa kutazama maji. Kisiwa kimekaa kati ya Pate na Kiwayu, na Wabajuni wake wanaishi kwa bahari. Wanajua mkondo unakoelekea, wanajua maji yanapojaa na yanapokupwa, na chombo kikitokea mbali hutambua kama kimelemewa au kimekaa sawa. Jicho hilohilo ndilo linalotakiwa kwa mbio fupi za wanawake za kuogelea chali, mita 50 na mita 100, kwenye mashindano makubwa ya dunia. Linalowapotosha watazamaji wengi ni televisheni. Kamera inafuata mikono, mtangazaji anapaza sauti kwa sababu ya mikono, na sisi nasi tunahukumu kwa mikono. Mikono iache kwanza.

Anza na kichwa. Mwogeleaji chali aliyeiva, kichwa chake hakitikisiki. Maji yanamfika masikioni, uso umeelekea juu, kidevu hakijainuliwa wala hakijabanwa kifuani. Mabega yanazunguka, moja likitoka majini na jingine likizama, lakini kichwa kimetulia palepale. Kuna makocha wanaomwekea mwanafunzi kikombe cha maji kwenye paji la uso na kumtaka aogelee bila kukimwaga, na zoezi hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Kichwa kikiyumba, nyonga hufuata, mwili ukaanza kupinda kulia na kushoto, na kila pindo ni njia ya ziada anayoiogelea bure. Ukimwona hivyo mapema, hata akiwa anaongoza, usimtie maanani sana.

Kisha teremka kwenye nyonga. Zinatakiwa ziwe juu, karibu na uso wa maji, miguu ikipiga kwa haraka na kwa ufupi, magoti hayachomozi. Hapa mtu wa bahari ajihadhari, kwa maana maji ya chumvi humbeba mtu na maji ya bwawa hayambebi vile. Msichana anayeelea bila taabu ufukweni Ndau, akiingia bwawani Nairobi atahisi miguu inavutwa chini, na hana budi kuipandisha kwa nguvu ya tumbo na mapaja. Kwa hiyo nyonga zilizo juu bwawani ni kazi, si tabia ya maji. Kuelea ndio msingi wa mtindo wote, na wako wanaouanzia msingi huo karibu nasi. Nungwi, kaskazini ya Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuelea, kuogelea na kuokoa watu, wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima. Picha alizowapiga Anna Boyiazis mwaka 2016 zilitunukiwa na World Press Photo mwaka 2018. Anayezitazama picha hizo kwa makini atajifunza mengi zaidi juu ya chali kuliko anayesikiliza watangazaji kumi.

Sasa tazama povu. Jahazi lililoundwa vizuri halichafui maji omoni, na mwogeleaji bora ni vivyo hivyo: maji yanapita kando ya mabega yake yakiwa laini, povu liko miguuni tu. Mkono unatoka majini kwa kidole gumba, unapita juu ukiwa umenyooka, unaingia kwa kidole cha mwisho, sambamba na bega. Mkono ukiupiga uso wa maji kofi, umeingiza hewa, na hewa haishikiki. Ukiingia nyuma ya kichwa badala ya sambamba na bega, utamyumbisha. Chini ya maji kiwiko hukunjwa ili kiganja na mkono wote visukume maji kuelekea miguuni. Huko huwezi kuona vizuri mpaka waonyeshe picha za kamera ya chini, na zikionyeshwa usizipuuze.

Mpaka hapa nimesema habari ya kuogelea juu ya maji. Lakini mbio fupi za chali, kwa sehemu kubwa, huamuliwa chini ya maji, na hapa ndipo ningependa msomaji atumie macho yake yote.

Mitindo mingine huanza kwa kuruka kutoka juu, chali huanza majini. Mwogeleaji anashika vishikio, anakunja miguu ukutani, na tangu Olimpiki ya Rio 2016 waogeleaji wana kibao chembamba kinachoning'inizwa ukutani ili miguu isiteleze. Mlio ukilia anajirusha nyuma. Mwanzo mzuri unaonekana kwa mgongo uliopinda na nyonga zilizotoka kabisa majini, kisha mikono, kichwa na miguu vinaingia kwenye tundu moja la maji. Mwanzo mbaya unasikika, kwa kuwa mgongo mzima unatua kwa kishindo.

Baada ya hapo anaruhusiwa kubaki chini hadi mita 15, akipiga miguu miwili pamoja kama pomboo. Mpaka huo una historia. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Mmarekani David Berkoff alikuwa akipita chini ya maji zaidi ya theluthi ya urefu wa mita 100, na Mjapani Daichi Suzuki aliyemshinda fainali naye alikaa chini sana. Shirikisho la dunia likaona bora kuweka mpaka. Binti yake Berkoff, Katharine, alipata shaba ya mita 100 Paris mwaka 2024, na mwaka 2025 huko Singapore akawa bingwa wa dunia wa mita 50. Mtazame yeye ukitaka kuielewa sehemu hii.

Hesabu ni nyepesi. Mita 15 katika mbio za mita 50 ni karibu theluthi ya safari, na katika mita 100, ukijumlisha mwanzo na kugeuka, ni mita 30 zinazoweza kuogelewa bila mkono mmoja kupigwa. Kamba za njia zimetiwa rangi tofauti kwenye alama ya mita 15. Weka macho pale. Usimsifu mtu kwa kuwa ametokea mbali tu. Jiulize ametokea na mwendo gani. Aliye bora hupanda polepole kwa mshazari, na mkono wa kwanza unamkuta bado anakwenda kasi. Aliyechoka huibuka ghafla kama anayetafuta hewa, na mwendo unakufa mbele ya macho yako.

Beijing mwaka 2008 ni darasa zuri. Kirsty Coventry wa Zimbabwe aliogelea mita 100 nusu fainali kwa sekunde 58.77, rekodi ya dunia. Fainali ikachukuliwa na Natalie Coughlin wa Marekani kwa 58.96, Coventry akawa wa pili kwa 59.19. Mwanamke mwenye kasi kuliko wote wiki ile hakupata dhahabu ya mbio zile. Coughlin alisifika kwa kazi yake ya chini ya maji. Coventry, aliyeshinda mita 200 Athens 2004 na tena Beijing, nguvu yake ilikuwa kuushika mwendo juu ya maji kwa muda mrefu. Mbio ya mita 100 ni fupi, na haimpi nafasi kubwa mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana fedha mbili za Coventry za mita 100, ya Athens na ya Beijing, nazihesabu kuwa kazi kubwa kuliko inavyosemwa.

Na ile ya Athens ilikuwa na shida yake. Bwawa kuu halikuwa na paa. Mwogeleaji chali hujielekeza kwa kutazama mistari na vyuma vya dari, na pale juu palikuwa na mbingu na jua tu. Watu wa visiwani wanaojilaza majini wakitazama juu watanielewa mara moja, kwa kuwa dakika chache tu zinatosha mkondo kumgeuza mtu asijue pwani iko wapi. Kwenda mita 100 namna hiyo kwa 1:00.50, bila kuigonga kamba, ni ustadi usioonekana kwenye saa.

Ukuta wa kugeukia na ule wa mwisho, mwogeleaji huutambua bila kuuona. Mita 5 kabla yake zimetundikwa bendera, na kila mmoja anajua idadi ya mikono yake kutoka hapo. Aliyejiandaa hapunguzi mwendo wala hageuzi kichwa kuchungulia. Wakati wa kugeuka anaruhusiwa kulala kifudifudi kwa mkono mmoja unaoendelea moja kwa moja hadi kupinduka, akisitasita anaweza kuondolewa mashindanoni. Kumaliza ni lazima amalize chali. Rio 2016 inatuonyesha uzito wa mguso huo. Kathleen Baker alipata fedha kwa 58.75, na Kylie Masse wa Kanada na Fu Yuanhui wa China wakagawana shaba kwa 58.76. Kwa mwendo wao, mia moja ya sekunde ni chini ya sentimita mbili, yaani mkono ulionyooshwa vizuri dhidi ya mkono uliokunjika kidogo.

Juu ya saa neno moja tu. Usilinganishe muda wa mwaka 2009 na wa miaka mingine bila kukumbuka mavazi ya mpira yaliyopigwa marufuku tangu 2010. Muda wa 58.12 wa Gemma Spofforth wa Uingereza, aliouweka Roma mwaka 2009, ulidumu mpaka Masse alipoogelea 58.10 mwaka 2017. Siku hizi 58 haimtoshi tena anayetaka dhahabu. Rekodi ya Regan Smith wa Marekani, ya Juni 2024, ni 57.13.

Hata hivyo, nikiulizwa nani bora, namweka Kaylee McKeown wa Australia mbele ya Smith. Paris alikuwa nyuma walipogeuka, akashinda kwa 57.33. Singapore akashinda tena kwa 57.16, Smith akiwa wa pili. Mita 15 za mwisho ndipo miguu inapowaka moto, nyonga zinashuka na kichwa kinaanza kutafuta ukuta. McKeown pale hubaki alivyokuwa mita ya 30. Hicho ndicho kipimo changu cha juu kabisa, na kwacho sioni wa kumkaribia.

Bara letu lina wake. Karen Muir wa Afrika Kusini alivunja rekodi ya dunia ya chali mwaka 1965 akiwa na miaka 12, lakini Olimpiki hakuiona kwa sababu nchi yake ilifungiwa kwa ubaguzi wa rangi. Marianne Kriel alileta shaba kutoka Atlanta 1996. Na kwenye Olimpiki ya Tokyo, Donata Katai aliogelea mita 100 chali akiwa mwogeleaji wa kwanza Mweusi kuiwakilisha Zimbabwe katika Olimpiki. Coventry mwenyewe tangu Juni 2025 ni Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza.

Los Angeles mwaka 2028, mita 50 chali itaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Haina kugeuka, haina nafasi ya kurekebisha kosa, na wanaowania medali huimaliza kwa sekunde 27 hivi. Enyi wa Ndau na visiwa vyote vya Lamu, itazameni, na macho yenu yawe kwenye ile alama ya mita 15.