Diski Nzima Haigongi kwa Mpango

Mbinga mjini anasifiwa fundi mmoja kwamba ameiponya laptopu iliyokuwa ikigonga ya karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Nimeifungua laptopu hiyo kwa mikono yangu. Diski imezungushiwa sponji la godoro, imebanwa hadi joto halina pa kutokea, na humo ndani bado inagonga vilevile. Watu wamesifia ukimya. Lakini diski yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika lazima ivume, na fundi anayeuza ukimya anamwibia mteja onyo pekee alilokuwa nalo.

Kabla ya yote, tenganisha feni na diski. Feni hupanda na kushuka kadiri mashine inavyopata joto, na ikijaa vumbi hukoroma. Mvumo wa diski ukishatulia haupandi wala haushuki. Mizunguko 5,400 kwa dakika ni 90 kwa sekunde, mvumo mzito wa chini. Ile ya 7,200 ni 120 kwa sekunde, sauti yake iko juu zaidi na joto lake ni kubwa zaidi; haifai kukaa ndani ya laptopu, na sibishani na mtu juu ya hilo. Tumia bisibisi ndefu: ncha juu ya kifuniko cha diski, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kama makanika wa malori wanavyosikiliza injini. Zima redio. Anayepima diski huku redio inaimba dukani hajapima chochote.

Sasa lile jambo ambalo wanaoanza hulikosa kila mara. Mmoja anasikia tak, anashtuka, anatangaza kwamba diski imekufa na anamuuzia mteja SSD, diski isiyo na sahani, asiyoihitaji. Mwingine anasikia tak hiyohiyo, anasema ni kawaida, anapokea hela yake. Wote wawili wamesikiliza ukubwa wa mlio. Ukweli uko kwenye mpangilio wa milio, na mpangilio huo haujitokezi mpaka diski ipewe kazi.

Diski nyingi za laptopu zikikaa bila kazi kwa sekunde chache huegesha vichwa vyake pembeni, nje ya sahani. Kuegesha huko kuna tak yake, moja, kavu. Mfumo ukiguswa kidogo vichwa hurudi kazini, kisha huegeshwa tena, tak. Mlio huo unaweza kujirudia jioni nzima na diski ikawa nzima kabisa. Nyingi za aina hii zimetengenezwa zihimili kuegeshwa mara 300,000, nyingine 600,000. Basi ipe kazi. Nakili faili kubwa, fungua folda yenye mamia ya picha, kisha sikiliza. Diski nzima ikipata kazi huacha kuegesha na zile tak hupotea. Zinakuja badala yake kwaru-kwaru hafifu zisizo na mpango: mbili za haraka, kimya, moja, nne zikifuatana, kimya tena, kwa sababu vichwa vinakimbilia vipande vya faili vilivyotawanyika huku na kule. Fujo hiyo ndiyo afya. Diski mbovu hufanya kinyume. Ikipewa kazi ndipo inapoanza kugonga, na hugonga kwa nafasi sawasawa, kama mchi wa mtu anayetwanga peke yake. Kichwa kimetafuta alama zake juu ya sahani, kimezikosa, kimerudi mwanzo, kinajaribu tena kwa utaratibu uleule. Baada ya mapigo kadhaa mvumo unazama, sahani zinasimama, kisha zinaanza kuzunguka upya. Ukisikia mvumo ukizama katikati ya kazi, diski hiyo imekwisha.

Songea kulikuwa na mzee aliyetengeneza redio za kaseti kabla kompyuta hazijafika. Alipopima diski aliipa mgongo skrini. “Skrini inakutia haraka,” alikuwa akisema. Mwalimu mmoja kutoka Liuli alimletea laptopu baada ya kuambiwa kwingine kwamba haina maisha. Mzee aliiacha itulie, akasikia tak zake, akaanza kunakili, tak zikapotea. Akairudisha bila kumtoza hata shilingi.

Matapeli nao wana ufundi wao. Muuzaji wa mtumba hukuonyesha laptopu huku akipiga muziki: muziki unafunika mlio, na kusoma wimbo mmoja si kazi kwa diski yoyote. Mwambie azime, anakili. Mbaya kuliko huyo ni anayefungua kifuniko “apake mafuta.” Vichwa huelea nanomita chache tu juu ya sahani, chembe moja ya vumbi la maganda ya kahawa ni mlima. Diski iliyofunguliwa mezani siipokei.

Wapo wanaoamini programu ya CrystalDiskInfo peke yake. Nami huitazama, hasa mistari ya 05, C5 na C6 inayohesabu sekta zenye kasoro, lakini sikio hutangulia namba.

Mahali napo pana hukumu yake. Asubuhi za Juni na Julai huku milimani Umatengoni mafuta ya beringi huwa mazito, diski inachelewa kidogo kushika kasi. Ihukumu ikishapata joto. Ukiteremka nayo Mbamba Bay ikiwa bado baridi, hewa ya joto na unyevu ya ziwani hugeuka maji ndani yake, kwa hiyo iache ipumzike kabla ya kuiwasha. Na ukiiinua ghafla ikatoa tak, usishtuke: baadhi zina kihisi cha kuanguka kinachoondoa vichwa kwenye sahani.

Masikio yetu yalifunzwa na jenereta, kabla umeme wa gridi haujafika Songea kutoka Makambako. Umeme ulipokatika na betri ikawa imechoka, diski ilitoa klak kali: vichwa vikirudishwa pembeni kwa nguvu iliyobaki kwenye sahani zilizokuwa bado zinazunguka. Duka zima lilisikia, na tulijua ni mashine ya nani. Vijana wanaoanza na SSD hawana shule hiyo, nami nasikitika kwa hilo.

Diski ikishagonga kwa mpango, izime. Usiendeshe chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, utakuwa unakilazimisha kichwa kibovu kuendelea kusoma sahani. Ukiiwasha tena iwe kuna diski nyingine pembeni, na folda ya kwanza kunakiliwa iwe imeshachaguliwa: kwa karani wa AMCOS ni daftari la kilo za wakulima, kwa mwalimu ni alama za wanafunzi, kisha picha za familia. Nyimbo ziwe za mwisho, zinapatikana popote.