Kuipa Tarehe Nasaba ya Kabambare

Waulize wazee wa Kabambare, huko Maniema mashariki mwa Kongo, habari za ukoo, watakutajia majina kwa mpango: fulani mwana wa fulani, babu juu ya babu. Miaka hawakutajii. Kazi ya mtafiti ni kumtafuta mtu mmoja katika safu ile aliyekutana na tukio lenye tarehe, kisha kuhesabu vizazi kwenda juu na kushuka chini kuanzia kwake. Mtu huyo ndiye kigingi.

Kabambare imebahatika, kwa kuwa kigingi chake ni cha zamani. David Livingstone aliingia mji huo, aliouandika Bambarre, tarehe 21 Septemba 1869, pamoja na msafara wa mfanyabiashara Mohamad Bogharib. Akakuta chifu, anayemwandika Moenekuss, amefariki karibuni na kuacha wana wawili. Moenembagg ndiye mkubwa, na ndiye msemaji penye jambo zito. Utawala, hata hivyo, ulikuwa kwa mdogo wake, Moenemgoi.

Habari fupi, lakini uzito wake ni mkubwa. Wana walikuwa watu wazima, basi tunaweza kukisia kuwa mzee alizaliwa katika miongo ya kwanza ya karne ile. Zaidi ya hapo, mkubwa kwa kuzaliwa hakuwa ndiye mtawala. Anayeichukua orodha ya watawala akaifanya orodha ya baba na mwana anaweza kugeuza ndugu wawili kuwa vizazi viwili, na nasaba yote ikarudi nyuma miaka 25 au 30 isiyokuwepo. Naliona hili kuwa kosa baya kuliko jina lililosahauliwa, maana linaharibu kila tarehe iliyo juu yake.

Majina hayo yasomwe kwa sauti mbele ya wazee. Livingstone aliandika alichosikia, na mzee anayesema Kibangubangu, lugha ya hapo, atalitambua jina kwa sikio. Tena kitabu chenye habari hizi kilitoka 1874, mwandishi akiwa ameshafariki, kwa uhariri wa Horace Waller. Daftari za safarini ni jambo jingine. Huko Maniema karatasi zilimwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Mwaka 2011 shajara yake ya 1871 ilichapishwa baada ya kupigwa picha kwa mianga mbalimbali iliyofufua maandishi yaliyofifia, na tofauti na kitabu zikaonekana, hasa kuhusu mauaji ya soko la Nyangwe.

Mji wa Kasongo, uliokuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip, unadai tahadhari ya aina nyingine. Tippu Tip mwenyewe anasimulia katika *Maisha* yake alivyomwendea Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera, akadai kuwa bibi yake alikuwa mwanamke wa ukoo ule aliyetekwa zamani. Dai likakubaliwa, naye akaachiwa utawala. Kwa hiyo kila nasaba iulizwe: ilisemwa lini, mbele ya nani, ikampa nini aliyeisema? Majeshi ya Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, yalipouteka mji wa Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare ikafuata Januari 1894, kujihesabu mtu wa Tippu Tip hakukuwa tena na faida ile ile. Amri ya Wabelgiji ya 1910 juu ya sheferi, yaani maeneo ya machifu, ikaupa uzawa wa chifu thamani mpya.

Pasipo karatasi, napendekeza swali la mahari. Muulize bibi: mama yako alitolewa nini, na mama yake je? Viramba, vile vitambaa vya rafia vilivyotumika kama fedha, vinaelekeza kwenye enzi za misafara. Franka zinaelekeza kwenye enzi ya kodi ya Wabelgiji.

Na akisema alizaliwa "wakati wa vita", usiandike mwaka bado. Muulize nani walikuwa wanapigana. Akimtaja Mulele, kiongozi wa uasi, andika 1964 hivi.