Matuta ya Machakos kwa Lenzi ya Mitumba

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu wilaya ya Machakos nchini Kenya, More People, Less Erosion. Walionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 watu wa wilaya hiyo waliongezeka kutoka takriban 240,000 hadi karibu milioni 1.4, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua. Takwimu zilikuwa tele, lakini picha ndizo zilizokata mzizi wa fitina: miteremko iliyoliwa na mvua mwaka 1937, kisha miteremko ileile mwaka 1991 ikiwa na matuta na miti.

Jozi kama hizo huwa ushahidi pale tu mpiga picha wa pili anaposimama aliposimama wa kwanza, na lenzi ndefu haiwezi kumsaidia aliyekosea mahali. Chukua mwamba ulio mita 200 mbele yako na kilele kilicho kilomita 2. Ukisogea mbele mita 20, mwamba unakua kwa asilimia 11, kilele kwa asilimia 1 tu. Lenzi hukuza vyote kwa kiasi kimoja. Uwiano kati yao hubadilishwa na miguu. Kwa hiyo beba nakala ya picha ya zamani na rula. Songa kushoto na kulia mpaka mwamba ukae chini ya kilele kama ulivyokaa, halafu mbele na nyuma mpaka uwiano wa vipimo ulingane. Kamera itoke mkobani baada ya hapo.

Ukishafika mahali, lenzi ndefu ina kazi yake: kuonyesha matuta ya fanya juu, yaliyotengenezwa na vikundi vya kazi za pamoja vya mwethya, wengi wao wanawake, kwa kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu. Ukingo wa mita 1 ulio umbali wa kilomita 1 huchukua milimita 0.05 kwenye filamu kwa lenzi ya milimita 50. Kwa 135 huwa 0.135, na picha ikikuzwa mara nane ukingo huo unafikia takriban milimita 1, jicho linauona bila shida. Lenzi ya 300 ingeukuza zaidi, lakini kwa umbali huo ingebana upana wa mita 120 tu za mlima, wakati 135 inachukua mita 267. Mteremko unaokatwa vipande hausimulii shamba zima.

Ndiyo maana napendekeza 135 yenye tundu la f/3.5, si f/2.8 ambayo ni nzito na ghali zaidi. Takumar ya Asahi au Jupiter-37A ya Kisovieti zinatosha kabisa, na zote huingia kwa skrubu ya M42, hivyo hata mwili wa kamera ya Zenit unazipokea. Mlima hutaka f/8, na kwa f/8 lenzi hizi ni kali.

Saa ya kupiga ina uzito zaidi kuliko chapa ya lenzi. Machakos iko karibu na ikweta na jua hupanda haraka. Saa moja na nusu asubuhi kivuli bado kinalala nyuma ya kila tuta, saa nne mteremko umeshakuwa bapa. Kwa filamu ya ISO 400 nyeusi na nyeupe, weka kichujio chekundu kikate ukungu wa samawati unaotanda mbali. Kinakula hatua tatu za mwanga, na jua la asubuhi likipungua hatua moja unabaki na f/8 kwa 1/125: kasi inayotosha kushika 135 kwa mkono uliotulia. Kwa lenzi ya 200 ungelazimika kufungua tundu au kubeba stendi.

Unaponunua lenzi ya mitumba, elekeza tochi kutoka nyuma yake utafute nyuzi za kuvu, hasa kama imekaa Mombasa au Malindi kwenye unyevu. Vumbi kidogo si neno. Kisha zungusha pete ya tundu mara kadhaa: mapanga yakiwa na mafuta na yakikwama, iache hata kwa bei ya kutupwa.