Herufi Tisa za Uvivu

Mliokuwa nasi kwenye onyesho la Burnt Forest Jumamosi mliona wenyewe, kwa hiyo sizunguki: ile moduli ya OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, iliharibiwa dakika ya mwisho na herufi tisa. Fomu zilipendeza na ripoti zilitoka. Basi, hayo yametosha.

Turudi kwenye dakika ile ya mwisho, mbele ya projekta. Kijana aliyekuwa akiionyesha aliandika `mvn -o clean install`, na hiyo `-o` nampa heko, maana kwa mtandao wa pale tungengoja Maven ipakue jar moja moja hadi magari ya kurudi Eldoret yaishe. Testi zikateremka, kisha ikaja nyekundu: Failures: 1. Testi ya umri wa mgonjwa ilitarajia 4, ikapata 5. Chumba kizima kiliona. Naye akabonyeza mshale wa juu, akaongeza `-DskipTests`, akapiga Enter. BUILD SUCCESS, makofi.

Makofi ya nini? Amri aliyoirudia ilikuwa na `clean` ndani, kwa hiyo folda ya target ilifutwa, na surefire-reports ikaenda nayo. Ripoti iliyotaja mstari wenye kosa aliifuta kwa mkono wake kabla ya kuifungua! Kisha `install` ikaitia jar hiyo ndani ya .m2, ambako moduli jirani kwenye laptopu hiyo zitaichukua zikidhani imepimwa. Na skipTests bado hukompaili testi zote. Inachoruka ni kuziendesha tu.

"Hiyo testi ni ya kitambo," alijitetea. Sawa, testi isiyogandisha tarehe ya leo huanguka yenyewe mwaka ukigeuka. Lakini unajuaje kama hujasoma? `mvn -o test -pl api -Dtest=UmriTest`, sekunde chache, chai haijapoa.

Mtasema nina kinyongo cha zamani na watu wanaoruka testi wakisema "seva itapima". Ninacho. Bando likiisha au stima ikipotea, seva inakupimia nini? Beck na Gamma hawakungoja seva: waliiandika JUnit, chombo cha testi hizi, mwaka 1997 ndani ya ndege, wakitoka Zurich kwenda Atlanta. Na hapa kwetu, waliojenga mfumo wa wagonjwa wa Mosoriot mwaka 2001 kwa Microsoft Access, na walioiwasha OpenMRS Eldoret Februari 2006 chini ya mpango wa afya wa AMPATH, wangeipokea kwa mikono miwili testi inayoanguka kabla mgonjwa hajaketi. AMPATH ina kliniki hapa hapa Burnt Forest. Anayeandika moduli ya aina hii hana haja ya kukisia nani ataitumia.

Usiku niliuchukua msimbo, nikaiendesha testi ile peke yake. Tarehe ya leo ilikuwa imegandishwa vizuri kabisa. Hesabu ndiyo iliyotoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa leo bila kuutazama mwezi, na mtoto wa Novemba akahesabiwa miaka 5 mwezi Machi. Testi ni ya kitambo, ndiyo. Hesabu ndiyo mpya.