Darasa lisilo na muhula: jinsi Athabasca ilivyojenga mtandao wake wa kijamii

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Athabasca, jimbo la Alberta nchini Kanada, hasubiri muhula ufunguliwe. Kozi nyingi huanza tarehe mosi ya mwezi wowote, naye hupewa miezi 6 kuimaliza kwa mwendo wake. Kwa mtu aliye kazini, mwenye watoto, au anayeishi mbali na mji, hiyo ni nafuu kubwa. Ila tazama linalotokea darasani. Katika kozi moja, siku moja, huyu anasoma sura ya kwanza, yule anajiandaa kwa mtihani, na mwingine amelipa ada wala hajafungua kitabu. Majina yao yamo katika orodha moja, lakini ni nadra kupata swali linalowagusa wote kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo vifaa vya kawaida vya kufundishia mtandaoni hukwama. Moodle, mfumo ambao chuo hicho kiliutumia kuendeshea kozi zake, umejengwa kwa dhana ya chumba: kila kozi ina mlango wake, mwalimu wake na uwanja wake wa majadiliano. Dhana hiyo inafaa sana pale watu 30 wanapoanza na kumaliza pamoja. Wasipokwenda pamoja, anayeuliza mwezi Machi huenda akajibiwa Juni, akiwa ameshamaliza. Tena kwa kawaida mwanafunzi akitoka katika kozi huacha humo humo kila alichokiandika.

Mnamo 2010 hivi, Jon Dron, mhadhiri wa masuala ya kompyuta, na Terry Anderson, mtafiti wa elimu ya masafa, pamoja na wenzao, walikuwa wameanzisha mtandao wa kijamii wa chuo kizima. Waliuita Athabasca Landing, jina la zamani la mji ambako chuo kipo, kwenye ukingo wa mto, mahali ambapo mizigo iliyosafirishwa nchi kavu kutoka Edmonton ilipakiwa mashuani. Ajabu kidogo ni kwamba mwaka 2000 Anderson, akiwa na D. Randy Garrison na Walter Archer, alikuwa ameandika nadharia maarufu ya jumuiya ya udadisi, inayosema kwamba ujifunzaji wa mtandaoni husimama juu ya uwepo wa aina tatu: wa kijamii, wa kifikra na wa ufundishaji. Nadharia hiyo ilitokana na madarasa ya watu wanaojadiliana wakiwa kundi moja chini ya mwalimu. Athabasca hakukuwa na kundi la namna hiyo la kuanzia.

Hawakuandika programu yao tangu mwanzo. Walichukua Elgg, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2004 na Ben Werdmuller na Dave Tosh huko Edinburgh. Uteuzi huo una maana kuliko unavyoonekana. Tosh na Werdmuller walikuwa wakifikiria mkoba wa kidijitali wa mwanafunzi, yaani mahali pa kutunza kazi na tafakuri zake. Kwa hiyo Elgg inaanza na mtu, na kozi ni moja tu ya mambo yanayoweza kumzunguka.

Ukiifungua ndani utaona jinsi fikra hiyo ilivyotiwa katika hifadhidata. Mtumiaji, kundi, andiko na faili vyote vimerithi umbo moja la msingi, na kila kimoja hubeba namba ya ruhusa. Sifuri maana yake mwenyewe tu; 1 ni yeyote aliyeingia kwa nywila; 2 ni dunia nzima. Kundi, au orodha ya marafiki uliyoitengeneza mwenyewe, nalo hupata namba yake. Kabla ukurasa haujaonyeshwa, programu huuliza kwanza: anayetazama ana haki ya kuona kipi? Ndiyo maana ukurasa wa mtu mmoja huonekana tofauti kwa msimamizi wake wa utafiti, kwa rafiki yake na kwa mpita njia. Timu ya Landing ilisogeza jambo hilo mbele kwa kuupa wasifu vichupo kadhaa, ili mwenyewe apange kipi kionekane na nani. Wenyewe waliufananisha mtandao wao na bustani yenye ukuta na madirisha.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mwanafunzi ambaye ni mtu mzima mwenye kazi yake huogopa kuonekana mjinga mbele ya watu asiowajua. Anayeamua mwenyewe nani asome rasimu yake huthubutu kuandika mapema zaidi, kabla kazi haijakamilika, wakati ambao mrejesho bado una faida.

Mpangilio wa jumuiya nao ulitoka katika uchambuzi wao, ambao baadaye waliukusanya katika kitabu Teaching Crowds cha mwaka 2014. Wanatofautisha kundi, lenye wanachama, kiongozi na mipaka. Mtandao, ambao ni uhusiano wa mtu na mtu. Na seti, yaani watu wanaounganishwa na jambo moja tu, hata kama hawafahamiani wala hawajawahi kuzungumza. Walimu wengi wakisema jumuiya huwa na maana ya kundi. Mwanafunzi anayejiendea peke yake anasaidiwa zaidi na seti. Tuseme amekwama kwenye swali la takwimu. Anafuata lebo ya mada hiyo, anakuta maelezo ya mtu aliyekwama pale pale mwaka jana, na mwandishi bado anafikika kwa sababu uanachama wake ni wa chuo, haukufa na kozi. Wawili hao hawakuwahi kusoma wakati mmoja, na bado mmoja amemfundisha mwenzake.

Lakini lebo haijijazi yenyewe. Dron aliingiza maandishi hayo katika kazi zenyewe: katika kozi yake ya kutengeneza tovuti, mwanafunzi huandika shajara ya maamuzi na makosa yake kadiri anavyojenga. Shajara hiyo ni kazi ya kozi, na papo hapo ni akiba kwa wanaokuja nyuma. Mwalimu akifungua mtandao akasema tu "karibuni mjadiliane", atasubiri sana.

Kasoro zipo, na si ndogo. Uhuru wa kuchagua nani aone nini ni swali jipya kila unapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, na mgeni huchoka haraka. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi kikifungua uwanja mmoja usio na sharti, wachache huandika na wengi hupita. Isitoshe, kuna waliochagua masomo ya masafa kwa sababu hawataki jumuiya; wanataka cheti, na ni haki yao.

Hata hivyo, waliojenga juu ya programu huria walikwepa balaa moja. Miaka hiyo hiyo walimu wengi Marekani walikuwa wakitumia Ning, kampuni iliyoanzishwa na Marc Andreessen na Gina Bianchini, ambayo ilikuwezesha kutengeneza mtandao wako kwa dakika chache bila malipo. Mwezi Aprili 2010 Ning ikatangaza kwamba huduma ya bure inafutwa. Aliyekuwa na darasa humo alilazimika kulipa au kuhama. Kampuni ya Pearson ilijitokeza kuwadhamini walimu wa Amerika Kaskazini kwa kifurushi kidogo, ila wa kwingineko walibaki kujitafutia.

Kwetu madarasa mengi yamehamia WhatsApp, nami sioni ubaya wa kuanzia hapo: kila mtu anayo, na inakula bando kidogo. Lakini ipime kwa kipimo cha Athabasca. Kundi la WhatsApp linaanika namba ya simu ya kila mmoja. Anayeingia mwezi wa nne hapati hazina ya mijadala iliyopangwa kwa mada. Maelezo mazuri ya jana yanazikwa chini ya salamu za asubuhi, na mtu akibadilisha simu bila kuhifadhi chochote, mwaka mzima wa mijadala unaweza kumpotea. Ni kundi tupu, halina seti.

Chuo chenye fundi mmoja anayeijua lugha ya programu ya PHP na seva ya kawaida kinaweza kujaribu njia nyingine, kianze na kozi moja ambayo shajara yake inapewa alama. Elgg bado inapakuliwa bila malipo, na kitabu cha Dron na Anderson kinapatikana bure kutoka Athabasca University Press.