“Mbegu iliyotibiwa”: kosa ambalo hatukulicheka

Wandugu, wengi wenu mlishaona ile picha iliyozunguka katika ma-groupe yetu ya WhatsApp mwanzoni mwa saison A: ukurasa wa kijitabu cha kilimo cha mahindi na maharagwe, na pale katikati mstari unaosema “ongeza ndimu katika udongo kabla ya kupanda”. Tulicheka sana. Mimi pia nilicheka, nikaituma kwa wengine. Kisha nikatafuta kijitabu chenyewe, nikakisoma chote, kurasa 24, bic mkononi. Nilipofika ukurasa wa mbegu, kicheko kikakauka.

Mwenye kukitoa simtaji, maana si yeye peke yake anayefanya hivi. Kiliandikwa kwa Kiingereza, kikageuzwa Kiswahili, na kila mstari unaonyesha kwamba aliyekigeuza hajawahi kushika jembe, au ni programu tu ya simu. Niseme pia mazuri yake: picha za nafasi kati ya mistari ni nzuri, na kalenda ya palizi ni sahihi. Shida iko katika maneno madogo madogo, yale ya kawaida kabisa ya Kiingereza, ambayo kila mtu anadhani anayajua.

Tuanze na ndimu. Kiingereza kina neno “lime”, na neno hilo moja linabeba tunda la ndimu na pia chokaa. Udongo mwingi wa Walungu na Kabare una asidi nyingi, na sisi tuliosoma tunajua kwamba chokaa inawekwa ili kupunguza asidi hiyo, aluminiamu isiendelee kuharibu mizizi. Ndimu ni asidi yenyewe! Kijitabu kinamwambia mkulima afanye kinyume cha kile tunachotaka. Lakini nani atakamua ndimu juu ya are kumi? Mama atacheka, atamuuliza agronome, na jambo litaishia hapo. Kosa la namna hii linajitangaza lenyewe.

Vilevile “maombi ya mbolea”. Neno la Kiingereza “application” linaweza kuwa barua ya kuomba kazi, linaweza pia kuwa tendo la kuweka kitu mahali pake. Kijitabu kimechagua la kwanza: “maombi ya kwanza siku ya kupanda, maombi ya pili mahindi yakifika kwenye magoti”. Kwetu maombi ni ya kanisani, kwa hiyo mimi niliona mchungaji amesimama katikati ya shamba na mfuko wa urea. Kuna tena “kitanda cha mbegu” badala ya kitalu, na “sikio la mahindi”. Tuyaache.

Mwenzetu mmoja wa promotion yetu anaendelea na masomo kule Nitra, Slovakia, penye chuo kikuu cha kilimo. Nilimtumia mistari hiyo ya Kiingereza nikamuuliza: watu wa huko wanaigeuza namna gani katika Kislovaki chao? Jibu lake lilinifundisha kuliko kamusi yangu. “Lime” kwao inagawanyika mara tatu: chokaa ni vápno, tunda ni limetka, na kuna mti mkubwa wa Ulaya ambao Waingereza nao wanauita “lime”, wao wanauita lipa. Kitanda cha kulalia ni posteľ, tuta la bustani ni záhon. Sikio la mtu ni ucho, suke la ngano ni klas, na la mahindi lina jina lake tena, šúľok. Hata “plant” haiwezi kupita hivi hivi: ni rastlina ikiwa ni mmea, závod ikiwa ni kiwanda, sadiť ikiwa ni tendo la kupanda.

Na sisi si njo vile vile? Mmea, kiwanda, panda. Kiswahili kina ngeli zake, Kislovaki kina jinsia na miisho yake, na zote mbili zinamlazimisha mtu kuchagua. Kiingereza kinakubali neno libaki katikati, msomaji atajaza mwenyewe. Anayegeuza hana ruhusa hiyo. Lazima ajue mkono wa mkulima unafanya nini pale, na hilo kamusi haliandiki.

Sasa ukurasa wa 11. “Tumia mbegu iliyotibiwa.” Sarufi ni safi, Kiswahili sanifu kabisa. Hakuna aliyeupiga picha mstari huu. Hakuna aliyecheka. Neno la Kiingereza ni “treated”: mgonjwa aliyehudumiwa hospitalini ni “treated”, na mbegu iliyopakwa sumu ya ukungu, kama thiram, ni “treated” pia. Lakini kwetu kutibu ni kutibu. Kilichotibiwa kimetoka kwa muganga, kimepona.

Nilimsomea mstari huo mama mmoja wa koperative, nikamuonyesha na mahindi yenyewe, yale mekundu. Nikamuuliza ameelewa nini. Akasema: “Si banasema ilitibiwa? Basi iko muzuri, haina ugonjwa. Ile inabakia tutapika.” Hakukosea hata kidogo. Alisoma kile kilichoandikwa. Na mnajua miezi ile ya kungojea mavuno, mbegu nusu kilo ikibaki nyumbani inaangaliwa kwa jicho gani.

Mwenye kudhani ninakuza mambo aangalie Iraki. Mwishoni mwa 1971 nchi hiyo ilipokea nafaka nyingi ya mbegu kutoka nje, iliyopakwa sumu ya zebaki. Mbegu ilikuwa na rangi, mifuko ilikuwa na onyo, lakini onyo liliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza, na mchoro wa fuvu haukuwaambia wanakijiji kitu. Mingi ilifika wakati wa kupanda umepita. Watu wengine waliosha rangi wakaamini sumu imekwenda nayo, wakatengeneza mikate. Hesabu ya serikali ilikuwa wagonjwa 6,530 waliolazwa hospitalini na vifo 459. Zebaki ile si thiram, ninajua, na gunia zima si nusu kilo. Lakini rangi ni ile ile, na onyo lisiloeleweka ni lile lile.

Wa-Slovaki, mwenzetu anasema, hapa hawatumii neno la hospitali. Kutibu mgonjwa ni liečiť. Mbegu ya namna hii ni morené osivo, kutoka kitenzi moriť, na mor katika lugha yao ni tauni. Mkulima wa huko akisoma mfuko hawezi kufikiri habari za kupona.

Sisi tuweke neno gani? Wengi kwenye terrain tunasema “mbegu yenye dawa”. Ni afadhali, lakini dawa nayo ina ugonjwa ule ule wa “treated”: iko dawa ya malaria, iko dawa ya panya. Mimi nilitaka tuandike wazi “mbegu yenye sumu”. Rafiki yangu mmoja, agronome pia, alinikatalia. Alisema huku Kivu ukitamka sumu watu wanafikiri karuho, hakuna atakayegusa mfuko, na kazi yote ya kueneza mbegu bora itaanguka. Ana haki, nusu. Tulibishana jioni nzima, tukafika hapa: “mbegu iliyopakwa sumu ya ukungu na wadudu: ni ya kupanda, si ya kula”. Ni ndefu, ndiyo. Neno moja la Kiingereza limekula mstari mzima wa Kiswahili, na mimi sioni ubaya.

Na tusitupie programu ya simu lawama zote. Katika TFC zetu tuliandika “semences traitées” kila ukurasa, na tukifika kwa wakulima tunasema “mbegu ya kutrete”, tunaendelea na safari. Kifaransa chetu kilificha jambo lile lile, ila sisi hatukuwahi kumuuliza mama ameelewa nini.

Kwenye koperative tulikuwa na nakala 40. Tumezirekebisha zote kwa mkono. Wenye kijitabu hicho kwao, ni ukurasa wa 11, mstari wa tatu chini ya picha ya mfuko. Bic inatosha.